Vibuyu vya Uani: Zao la Ganda Handeni na Korogwe

Mmumunye ni mmea utambaao, wa ukoo mmoja na maboga na matango. Matunda yake machanga, mamumunye, huliwa kama mboga. Tunda likiachwa likomae na kukauka, ganda lake huwa gumu, jepesi na lisilopitisha maji, na hapo huitwa kibuyu. Katika wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, mmea huu mara nyingi hauna shamba lake wenyewe. Huoteshwa pembezoni mwa mahindi, juu ya kichuguu cha zamani, ukingoni mwa uzio, au chini ya mwembe ambao huukwea mpaka matawini. Kwa kuwa hauna shamba, watu hawauhesabu miongoni mwa mazao ya biashara, kama wanavyohesabu machungwa ya Kabuku na Michungwani au mkonge wa Korogwe. Hata hivyo kuna kaya ambazo kwa miaka mingi zimepata fedha za ziada kutokana na vibuyu vya uani, na yanayoelezwa hapa yametoka katika uzoefu wa kaya za namna hiyo, ikiwemo ile aliyolelewa mwandishi upande wa Sindeni, Handeni. Fundisho kubwa la uzoefu huo ni kwamba anayelima kibuyu anauza ganda. Kila kazi, kuanzia kuchagua mbegu hadi kumpata mnunuzi, hupimwa kwa namna inavyolifanya ganda liwe nene, zima na lenye umbo.

Asili ya mmumunye ni Afrika. Jamii yake ya mwituni ilitambuliwa nchini Zimbabwe na taarifa zake kuchapishwa mwaka 2004. Lakini vibuyu vilikuwa vimeshaenea duniani muda mrefu kabla ya wanasayansi kuvijua: watu wa Asia na wa Amerika walivitumia maelfu ya miaka iliyopita. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1954 yalionyesha kwamba kibuyu kinaweza kuelea kwenye maji ya bahari kwa zaidi ya siku 200, na mbegu zilizomo ndani zikaota. Mwaka 2014 uchunguzi wa vinasaba uliunga mkono maelezo kwamba vibuyu vya kale vya Amerika vilitoka Afrika vikielea juu ya Bahari ya Atlantiki. Ganda lililolinda mbegu katika safari hiyo ndilo linalolinda maziwa na maji nyumbani.

Handeni ni nchi ya mvua zisizotabirika na ya shida ya maji. Mradi wa maji wa HTM (Handeni Trunk Main), uliojengwa miaka ya 1970 kuvuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, ulikuwa jibu la shida hiyo, na hata baada yake vijiji vingi viliendelea kutegemea malambo na visima vya mbali. Katika nchi ya namna hiyo chombo cha maji ni mali. Wazee wanakumbuka vibuyu vikubwa vya kuchotea maji, vidogo vya kubebea maji shambani, vya kuhifadhia mbegu, vya chumvi, vya asali, na vitoma vya kunywea boha, pombe ya miwa ya Washambaa. Kisha yakaja madebe ya bati, na baadaye ndoo na madumu ya plastiki. Dumu halivunjiki likianguka, na mwanamke anayetembea umbali mrefu kufuata maji hawezi kulaumiwa kwa kukiacha kibuyu. Kwa hiyo kibuyu cha kuchotea maji hakina tena soko, na anayetaka kulima leo asitegemee matumizi hayo. Wateja waliobaki ni wa aina nyingine, nao wanajua sana wanachokitaka.

Mteja wa kwanza, na wa kudumu kuliko wote, ni mfugaji. Wamaasai, wakiwemo Waparakuyo wanaoishi na mifugo yao Handeni na Kilindi, hutunza maziwa katika vibuyu. Mama wa Kimaasai hukifukiza kibuyu kwa kijiti kinachowaka cha mzeituni mwitu, husugua ndani kwa kaa lake, kisha hukitia maziwa. Moshi hutia ladha na husaidia maziwa yasiharibike upesi. Ndoo ya plastiki haivumilii kaa la moto. Hii ndiyo sababu biashara ya vibuyu haikufa minadani hata pale ilipokufa visimani.

Mnunuzi wa aina hiyo hadanganyiki. Katika mnada mmoja wa mifugo, bibi yake mwandishi alikuwa ametandika kanga chini na kupanga vibuyu vyake kwa ukubwa. Yeyo mmoja, yaani mama wa Kimaasai, akainama, akachukua kimoja cha shingo ndefu, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akakiweka sikioni na kukitikisa, akanusa mahali palipokatika kikonyo, akapitisha kidole gumba taratibu pande zote za kitako. Kisha akakirudisha mahali pake.

“Bibi, hiki bado kina maji.”

“Nitakuwekea, yeyo. Mnada ujao utakikuta.”

Bibi alikipeleka kibuyu kile jikoni, akakitundika juu ya moto, na mnada uliofuata yeyo alikuja kukichukua na kuongeza kingine. Katika kukigonga, kukisikiliza na kukinusa mlikuwa na vipimo vyote vya ubora. Ganda nene lililokauka hutoa mlio mkavu na wa juu. Ganda lenye unyevu hutoa mlio mzito, na linaponuswa hutoa harufu ya uchachu. Mkulima anayejifunza kuvipima vibuyu vyake hivyo kabla ya kuvipeleka sokoni hupunguza ubishi wa bei kwa kiasi kikubwa.

Ubora huo huanza kutengenezwa siku ya kupanda. Mbegu ya mmumunye ina ganda gumu, na ikilowekwa maji usiku kucha huota vizuri zaidi. Mbegu hupandwa mvua za masika zinapoanza, mwezi Machi, mbili au tatu katika shimo lililowekwa samadi iliyooza, na mashimo huachana kama mita 2. Wapo wanaopanda vuli, lakini tunda la vuli hukomaa wakati muda hautoshi kukauka kabla masika hayajarudi. Tunda la masika hukomaa kuanzia Juni na kuendelea, likakutana na upepo mkavu wa kipupwe, na kwa kazi ya ganda hakuna msimu bora kuliko huo. Korogwe ina tofauti zake. Tambarare za joto za kando ya mto, kama Mnyuzi na Mombo, hukausha vizuri. Milimani, pande za Bungu na Vugiri, ukungu wa Usambara hukaa sana na vibuyu huoza zaidi. Kaya ya milimani inayotaka kazi hii inafaa ikaushie ndani, juu ya moto wa jikoni.

Maua ya mmumunye ni meupe na hufunguka jioni. Nondo wa usiku ndio wachavushaji wake wakuu. Ua jike hutambulika kwa kitunda kidogo chini yake. Ua dume lina kikonyo kirefu kitupu. Kilele cha mche mkuu kikikatwa unapofika mita 3 hivi, matawi ya pembeni huchipua, na matawi hayo ndiyo yanayobeba maua jike mengi. Pale nondo wanapokuwa wachache, mkulima anaweza kuchuma ua dume jioni na kuligusisha katikati ya ua jike. Adui anayesumbua zaidi ni nzi wa matunda, ambaye hutoboa kitunda kichanga na kutaga mayai; kovu lake hubaki kwenye ganda hata kama tunda litaendelea kukua. Kuviringishia vitunda mfuko wa karatasi au kitambaa kwa siku za mwanzo huokoa vingi. Ubwiri unga hufunika majani kwa vumbi jeupe mwishoni mwa msimu, lakini ukija baada ya matunda kujaa hauna madhara makubwa.

Jambo gumu kwa anayeanza ni kupunguza matunda. Shina likiachwa lizae lipendavyo huzaa matunda mengi yenye ganda jembamba. Likibakiziwa machache, chakula chote huenda kwenye machache hayo na ganda huwa nene. Yanayopunguzwa yakiwa machanga huliwa, kwa hiyo si hasara, ila yaonjwe kwanza: mumunye chungu lina sumu, na mboga ya namna hiyo hutupwa yote bila kusitasita.

Umbo nalo hutengenezwa mmea ukiwa hai. Tunda linaloning’inia kwenye kichanja au tawi la mwembe hupata shingo iliyonyooka. Lililolala chini hupinda shingo, na hilo hufaa kwa kata na upawa. Kitambaa kikifungwa kiunoni mwa tunda changa huacha kiuno chembamba kitakachoshika kamba. Tunda zito huhitaji kutegemezwa, na kwa watu wa Korogwe kamba ya katani iko karibu. Wavu mwepesi wa katani hubeba kibuyu kikubwa bila kukikata ngozi. Tunda lililo chini liwekewe nyasi kavu au jiwe bapa ili kitako kisioze.

Katika kaya aliyolelewa mwandishi, watoto walikatazwa kuyanyooshea mamumunye kidole, wakiambiwa yatadondoka. Mwiko huu unajulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwa maboga pia. Iwe watu waliuamini au la, uliweka mikono ya watoto mbali, na jambo hilo lilikuwa na faida ya kweli, kwa sababu ngozi ya tunda changa ikikwaruzwa hata kwa ukucha hubaki na alama milele.

Kuvuna mapema ndiko kunakoharibu vibuyu vingi kuliko nzi na ubwiri vikijumlishwa. Tunda hufikia ukubwa wake wote muda mrefu kabla ganda halijakomaa, na mtu akiliona kubwa hudhani liko tayari. Wapo waliovuna hivyo kwa sababu mchuuzi alikuwa amekuja na lori na fedha mkononi. Vibuyu vikanywea njiani, na mchuuzi hakurudi tena kijijini. Dalili ya kuaminika ni kikonyo. Kikiwa cha kijani, mmea bado unalisha ganda. Kikigeuka kahawia na kukauka, kazi imekwisha. Kuanzia ua kuzaa hadi hapo hupita miezi 2 hadi 3, na hakuna haraka inayofupisha muda huo. Tunda hukatwa na kipande cha kikonyo chake, bila kuvutwa.

Kisha hufuata kukausha, kazi ndefu isiyohitaji nguvu ila uangalizi. Vibuyu hupangwa juu ya kichanja kivulini, hewa ikipita chini, kimoja kisiguse kingine, na hugeuzwa kila baada ya siku chache. Jua kali hupasua. Ndani ya wiki chache ngozi ya juu huota ukungu mweusi, kijivu na kijani, na mgeni wa kazi hii huanza kutupa akidhani vimeoza. Kilichooza hutambulika kwa kulainika na kuvuja. Chenye ukungu na ugumu kiachwe. Kibuyu kidogo hukauka kwa miezi 2, kikubwa cha ganda nene huweza kuchukua miezi 6. Kikitikiswa na mbegu zikalia ndani, kiko tayari. Vilivyotundikwa jikoni juu ya moto huchelewa kidogo kung’aa, lakini moshi hufukuza wadudu watoboao na huvipa rangi ya kahawia ambayo hakuna dawa ya dukani inayoiiga vizuri.

Kukwangua ndiko kunakofunua kilichokuwa kimefichika. Kibuyu hulowekwa au hufunikwa gunia bichi kwa saa kadhaa, kisha ngozi ya juu husuguliwa kwa mgongo wa kisu au kipande cha chuma. Utando mchafu hutoka vipande vipande, na chini yake hutokea ganda la rangi ya siagi lenye mawingu ya kahawia mahali ukungu ulipokaa. Mawingu hayo hayafanani katika vibuyu viwili, na wanunuzi wa mapambo huyapenda sana. Ndani huoshwa kwa kutia maji na changarawe na kutikisa kwa nguvu, kumwaga, na kurudia siku kadhaa mpaka maji yatoke meupe na uchungu uishe. Anayekata au kupiga msasa kibuyu kikavu afunge kitambaa puani na mdomoni, kwa kuwa vumbi lake huumiza kifua. Tahadhari hii hupuuzwa sana, na watoto wanaosaidia kazi ndio wanaoumia kwanza.

Nakshi huongeza bei kuliko kazi nyingine yoyote ya mkono. Chombo rahisi ni msumari au waya wa baiskeli uliotiwa kwenye kaa. Nchini Peru, vijiji vya Cochas Grande na Cochas Chico karibu na mji wa Huancayo vimejenga uchumi na jina kwa kuchonga na kuunguza vibuyu, vikisimulia maisha ya kijiji juu ya ganda moja. Handeni na Korogwe hazikosi masimulizi ya kuchora: ngoma za Wazigua, mavuno ya machungwa, mashamba ya mkonge yenye mistari yake mirefu. Kibuyu cha mapambo hupakwa rangi ya viatu au vanishi na kung’arishwa. Cha maziwa au cha kunywea kisipakwe chochote cha dukani; mafuta ya nazi nje yanatosha.

Kuna suala moja ambalo mwenye kuuza vibuyu katika wilaya hizi hawezi kuliruka. Handeni ina jina katika uganga, na chombo cha mganga ni tunguri, kibuyu kidogo cha dawa chenye kizibo, pengine kilichochongwa sura ya mtu. Tunguri za Wazigua, Wakwere na Washambaa zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, nyingi zikiwa zimechukuliwa wakati wa ukoloni. Waganga ni wateja halali wa vibuyu vidogo na hulipa vizuri, ila familia inayokausha vibuyu vingi uani inaweza kutazamwa vibaya na majirani. Kaya zilizodumu katika kazi hii zilifanya mambo waziwazi. Zilianika vibuyu mahali wapitapo watu, ziliwaita watoto wa jirani wasaidie kukwangua, na ziliepuka vitambaa vyekundu, vyeusi na vyeupe pamoja na shanga za rangi hizo kwenye vibuyu vya mapambo. Busara hiyo inastahili kufuatwa. Mteja wa Korogwe mjini anayetaka kibuyu cha maua mezani hatanunua kinachomfanya mgeni wake aulize maswali.

Masoko mengine hufuata barabara. Mabasi ya Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Arusha hupita Segera, Korogwe na Mombo, na abiria wamezoea kununua matunda madirishani. Kibuyu cha mapambo hakiuziki vizuri dirishani kwa sababu mnunuzi anahitaji kukishika na kukizungusha. Huuzika pale basi linaposimama kwa chakula, au sokoni Manundu. Hoteli za Pangani na Lushoto hununua taa na vyombo vya maua. Vikundi vya ngoma hununua vya kutengenezea manyanga. Vibuyu ni vyepesi lakini hujaza nafasi na huvunjika, kwa hiyo husafirishwa vikiwa vimefungashwa kwa nyasi kavu katika viroba, vidogo vikijaza mapengo ya vikubwa.

Faida ya kazi hii haitoshi kulisha kaya peke yake, na anayeahidiwa kinyume chake asikubali. Thamani yake iko katika majira. Kibuyu kisicho kikubwa sana kilichopandwa Machi hukaushwa Julai hadi Septemba, hutengenezwa Oktoba na Novemba, na huuzwa Desemba na Januari. Elimu ya msingi hutolewa bila ada, lakini sare, madaftari na viatu vinanunuliwa, na Januari ghala la mahindi linakaribia kwisha. Fedha za vibuyu huingia hapo. Gharama yake ni samadi ya nyumbani, kamba, kisu na saa za jioni. Kwa wanaotaka kupanua, kikundi kina nafasi kuliko mtu mmoja: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo ya ufundi na biashara.

Mbegu ndiyo sehemu iliyo hatarini. Mimumunye ya maumbo tofauti ikipandwa jirani huchanganya mbegu zake, na mwaka unaofuata kata huzaa chupa na chupa huzaa kisichojulikana. Anayetaka kulinda umbo hufunga ua jike na ua dume kwa uzi mchana kabla hayajafunguka, huyachavusha kwa mkono jioni, huyafunga tena, na tunda hilo hutiwa alama. Maboga ya kawaida hayana hatari hiyo. Hayazaliani na mmumunye, ingawa wengi huamini hivyo. Kitui nchini Kenya, kikundi cha wanawake cha Kyanika kilishirikiana na watafiti Patrick Maundu na Yasuyuki Morimoto kukusanya mbegu za vibuyu vya Wakamba pamoja na majina na matumizi ya kila aina. Handeni na Korogwe zinahitaji kazi ya namna hiyo haraka. Vibuyu vikubwa vya maji havilimwi tena, na mbegu zake zimebaki kwa wanawake wazee wachache, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa au ndani ya kibuyu juu ya dari la jiko. Anayekusudia kupanda masika yajayo aende kwa bibi hao sasa, aombe mbegu, na aandike jina na matumizi ya kila moja kabla ya kuondoka.